UZI: Mwezi mmoja wa kuhesabu ndege wa maji Tshangalele: mpango, vifaa na mambo yanayoharibu hesabu

Mtazama_Lufira

Jambo wote. Kila kiangazi kikikaribia kwisha maswali ya Tshangalele, ziwa letu la Katanga huku Kongo, yanaanza: niende lini, nibebe nini, nihesabu vipi. Naweka hapa mpango wa mwezi wa Oktoba kwa mtu anayelala Kapolowe, au anayeweza kufika mara mbili kwa juma akitoka Lubumbashi au Likasi. Wanaoujua upande wao wa ziwa waongeze.

Tuanze na maji, maana ndege wanayafuata. Ziwa hili lilizaliwa na bwawa la Mwadingusha mwaka 1930, na mpaka leo ni bwawa na mvua vinavyoamua ndege wakae wapi. Kina chake ni kifupi na ufuko umelala. Piga hesabu: pale ardhi inaposhuka mita 1 kwa kila mita 200, maji yakipungua sentimita 10 tu, tope la upana wa mita 20 linafunguka. Tope hilo bichi ndilo sahani yao. Limejaa mabuu ya wadudu, minyoo na konokono wadogo. Likikauka na kupasuka, midomo haiingii tena, nao wanasogea na ukingo wa maji. Asiyejua maji yamefika wapi ataandika "ndege wamepungua", kumbe wamehama mita 300.

Kwa hiyo kazi ya siku ya kwanza ni kigingi cha kupimia maji. Tafuta fito iliyonyooka ya mita 2, uichore alama kila sentimita 5 kwa msumari uliochomwa motoni. Kalamu ya wino haifai, jua linaufuta. Ikite sentimita 60 ndani ya tope, mahali penye maji ya nusu mita, nyuma ya matete ili mawimbi yasikudanganye, na uisome kila siku ya hesabu kabla hujatazama ndege. Mitumbwi huigonga, na kuna watakaoing'oa kwa kuni. Dawa yake ni alama ya akiba: chukua ule mpira mwangavu wa maji wanaotumia mafundi wa nyumba, uhamishe usawa wa alama moja ya kigingi hadi kwenye jiwe au shina la mti nchi kavu, upige rangi hapo. Kigingi kikipotea, unakita kingine kwa kufuata alama ile na mfululizo wako haukatiki.

Vituo: sita vinatosha kwa mtu mmoja au wawili. Viachane mita 800 au zaidi, la sivyo utahesabu kundi lilelile mara mbili. Usichague penye ndege wengi tu. Chukua viwili vya tope wazi, kimoja cha matete na mafunjo, kimoja cha yungiyungi, kimoja penye mdomo wa kijito, na kimoja karibu na kambi ya wavuvi ambako mabaki ya samaki yanawavuta korongo, mwewe na fundichuma. Piga picha ya kila kituo siku ya kwanza ukiwa umesimama palepale, na uandike mpaka wako kwa vitu visivyohama: "kutoka mwembe hadi paa la bati". Kituo kisicho na mpaka kinakua kila siku bila mwenyewe kujua.

Ratiba: siku mbili kwa juma, tuseme Jumanne na Jumamosi. Jua la Oktoba linachomoza kama saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, na saa tatu kasoro mvuke wa joto unaanza kucheza juu ya tope. Una saa tatu tu. Jumanne anza kituo cha 1 umalizie cha 6. Jumamosi anza cha 6. Usipogeuza hivyo, kituo cha mwisho kitapata mwanga mbaya mwezi mzima, na mwishoni utasema hakina vitwitwi, wale ndege wadogo wanaokimbia topeni.

Kwenye kituo, kaa kimya dakika 5 kwanza. Ndege waliokuona wanahitaji muda huo kurudi kula. Kisha pitisha darubini kutoka kushoto kwenda kulia ukihesabu wakubwa peke yao: korongo, kulastara, bata, mnandi, mbizi. Pitisha tena kwa wadogo. Dakika 10 za mwisho ni za wale wasioonekana, kwa sauti kutoka ndani ya matete, na za wanaopita hewani. Wanaopita bila kutua waandike safu yao peke yake.

Andika sifuri. Naomba hili lisomwe mara mbili. Kama furukombe yuko siku zote kituo cha 3 na leo hayuko, andika "furukombe 0". Nafasi tupu kwenye daftari baada ya miezi sita haisemi kama hakuwepo au hukutazama.

Kundi kubwa: hesabu 10 mmoja mmoja, ujue kumi hao wanachukua nafasi gani ndani ya darubini, kisha usogeze nafasi hiyo: kumi, ishirini, thelathini. Wakizidi mia tano, jifunze nafasi ya 50. Wanaokula tope hawasimami kwa nafasi sawa. Ukingoni wamebanana na nyuma wametawanyika. Chukua kipimo cha kumi upya kila msongamano unapobadilika. Hesabu mara mbili, uandike zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya moja ya tano, rudia mara ya tatu.

---

Fundi_Darubini

Mwalimu, aksanti. Naongeza vifaa.

Kwa mtumbwini chukua darubini ya 8x42, usichukue 10x42. Kukuza mara kumi kunakuza pia mtikisiko wa mikono na wa maji, na uwanja wa kuona unakuwa mwembamba. Mdiria akipita hutamdaka. Nchi kavu, juu ya tope pana, 10x42 ni nzuri. Darubini ya miguu mitatu inayokuza mara 20–60 ndiyo hasa ya kuhesabia vitwitwi walio mbali, lakini saa mbili asubuhi ikipita usivuke 30. Ukipandisha 60 ndani ya mvuke wa joto unakuza mvuke.

Miguu mitatu inazama topeni. Kata vifuniko vitatu vya ndoo ya plastiki, toboa shimo dogo katikati, ufunge kimoja chini ya kila mguu. Ning'iniza mfuko wenye kilo 2 za mawe katikati, karibu na ardhi. Upepo wa adhuhuri wa Oktoba unaangusha darubini ya bei ya pikipiki kwa sekunde moja.

Mvua za kwanza zikianza, adui ni ukungu wa ndani ya kioo. Unaanza kama nyuzi nyeupe pembeni, kisha unakula rangi ya kioo na hautoki tena kwa kupangusa. Weka darubini usiku ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu. Chembe za bluu zikigeuka waridi zimeshiba. Zikaushe kwenye sufuria juu ya moto mdogo mpaka bluu irudi. Usifungie darubini yenye unyevu ndani ya mfuko wake wa ngozi, ule mfuko ndio shamba la ukungu.

Kioo chenye vumbi la barabara ya Likasi kipulizwe kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, kipanguswe baadaye. Ukikipangusa kikavu unakipiga msasa.

Kuandika: penseli ya 2B. Wino unakimbia maji yakidondoka.

---

Mama_Kapolowe

Watoto, mmesema vifaa, sasa nisikilizeni mambo ya ziwani kwenyewe.

Kabla ya kigingi na vituo, nenda kwa chefu wa kijiji, na ofisi ya mazingira ya teritware (wilaya) ijue. Beba barua yako, na nakala mbili za kuacha. Mtu mwenye darubini asiyejulikana anaonekana ni wa machimbo au mpelelezi. Na karibu na Mwadingusha usielekeze darubini wala kamera kwenye bwawa lenyewe, mitambo au walinzi, hata kama mnandi amekaa juu yake. Ndege huyo mwache.

Mtumbwi: chukua mvuvi wa hapo, mlipe kwa asubuhi nzima, msipatane kwa kituo, maana mkipatana kwa kituo atakukimbiza. Mwambie mapema kwamba mtasimama muda mrefu bila kufanya kitu, asidhani umekwama. Anayesukuma kwa upondo akae nyuma, wewe kaa chini kabisa sakafuni, viwiko juu ya magoti. Ukisimama kuangalia, mmeanguka wote. Kwenye matete msipite katikati, piteni ukingoni. Njia mliyofungua leo, kesho itapitwa na nyavu na viota vitaonekana.

Nyavu: maboya ya chupa na vipande vya sapatu yakionekana, zungukeni. Mkikata wavu wa mtu, hesabu ya ndege imeisha kijiji hicho. Mbizi na mnandi hunaswa nyavuni wakizamia samaki; mkimkuta akiwa hai, mwenye wavu ndiye amtoe. Mdomo wa mbizi ni mkuki na unalenga jicho.

Radi za Oktoba msizichezee. Ukiona mmuliko na ngurumo ikafika kabla hujamaliza kuhesabu sekunde 30, toka majini. Msirudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Na msitembee miguu mitupu kwenye maji yaliyosimama kando ya matete, kichocho kiko. Buti za mpira zinazofika magotini ndizo zenu. Habari za viboko na mamba waulizeni wavuvi kila asubuhi. Ya juzi haitoshi.

---

Kijana_wa_Kasapa

Shikamoo mama. Nauliza jambo: vitwitwi. Kwenye kitabu kila mmoja ana picha yake nzuri, lakini topeni wote ni wa kijivu-kahawia wanaokimbia. Naanzia wapi?

---

Yaya_Mafunjo

Mdogo wangu, anza na wanachofanya, rangi iwe ya mwisho.

Anayetikisa mkia juu na chini bila kupumzika, yuko peke yake kwenye jiwe au ubavu wa mtumbwi, ni *Actitis hypoleucos*. Hakikisha kwa kidole cheupe kinachopanda kati ya kifua na bega. Akiruka anakaa chini karibu agonge maji, mabawa magumu, anapiga kwa kukatakata.

Mwenye madoadoa mengi meupe mgongoni, unyusi mweupe mrefu unaopita nyuma ya jicho, miguu ya njano-kijani: *Tringa glareola*. Huyu ndiye utakayemwona sana kwenye tope lenye nyasi fupi. Akishtuka anapanda juu sana akilia mara tatu mfululizo, sauti kavu. Ndugu yake *Tringa ochropus* ni mweusi zaidi mgongoni, unyusi wake unaishia jichoni, na anapenda mifereji myembamba penye kivuli, peke yake. Wote wawili wana kiuno cheupe wakiruka, kwa hiyo kiuno kisikuamulie. Tazama chini ya bawa: la *ochropus* ni jeusi kabisa, la *glareola* limepauka. Unapata nusu sekunde tu ya kuliona, pale anapogeuka.

Wadogo kabisa wanaochoma tope haraka haraka bila kuinua kichwa, miguu myeusi, ni *Calidris minuta*. Oktoba wengi ni watoto wa mwaka huu; mgongoni wana mistari miwili myeupe inayokutana kama herufi V. Mtu akikuambia ameona mmoja mwenye miguu ya njano, mwambie asubiri tope likauke miguuni ndipo aseme.

Kisha yule anayewachanganya wengi: *Calidris pugnax*. Kichwa kidogo, shingo ndefu, tumbo kubwa, manyoya ya mgongoni yana ukingo wa rangi ya mchanga kama magamba ya samaki. Dume ni mkubwa kuliko jike kwa kiasi kinachoonekana wazi, na miguu inaweza kuwa ya machungwa, ya njano au ya kijani. Ukiona "aina mbili" zinatembea pamoja, zinafanana kila kitu isipokuwa ukubwa, ni huyo mmoja.

Wenye miguu mirefu: mdomo mnene unaopinda juu kidogo ni *Tringa nebularia*, mdomo mwembamba ulionyooka kama sindano, mwili mwepesi, miguu inayotokeza sana nyuma ya mkia akiruka, ni *Tringa stagnatilis*.

Usiwasahau wenyeji. *Charadrius tricollaris* ana mikanda miwili myeusi kifuani na pete nyekundu ya jicho, yupo mwaka mzima. Mwenye mkanda mmoja na miguu ya machungwa, *Charadrius hiaticula*, ametoka kaskazini.

Kwa majuma mawili ya kwanza andika "kitwitwi mdogo, hajulikani, 14" bila aibu. Idadi sahihi yenye jina pana inafaa. Jina la kukisia halifai na haliondoki tena kwenye daftari. Kama unataka mazoezi kabla ya kwenda, mabwawa ya samaki ya Kipopo na kando ya Kafubu yanatosha.

---

Wa_Likasi

Naongeza buabua, wale wanaofanana na shakwe wadogo, maana wataanza kupita juu ya ziwa mwezi huohuo na wote wanaandikwa jina moja. *Chlidonias leucopterus* bila manyoya ya kuzalia: mdogo, mdomo mfupi, doa jeusi linaloshuka nyuma ya jicho, kiuno kimepauka kuliko mgongo. *Chlidonias hybrida*: mdomo mnene na mrefu zaidi, kichwa bapa, kiuno na mgongo kijivu kimoja. Wakiwa mbali dhidi ya mwanga, andika *Chlidonias* tu.

Jambo la pili, kituo cha mdomo wa kijito. Upande unaopokea maji ya mto Panda unapokea pia yanayotoka kwenye viwanda na machimbo ya Likasi. Watafiti wameshapima shaba na kobalti kwenye maji, mimea na samaki wa ziwa hili. Hilo ni sababu ya kuweka kituo hapo. Andika rangi ya maji, harufu, samaki waliokufa, kila siku ya hesabu hata kama ni "hakuna". Ndege aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu; piga picha ya mgongo, tumbo, kichwa na bawa lililofunguliwa kwa kijiti, na kitu cha kupimia ukubwa kando yake. Wakiwa watatu au zaidi pamoja, toa taarifa kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na mtu asiwachukue kwa mboga.

---

Kijana_wa_Kasapa

Aksanti yaya, aksanti ndugu wa Likasi. Je, kwera wa Lufira? Nimesikia hapatikani kwingine duniani. Mwezi mmoja wa Oktoba unatosha kumpata?

---

Mtazama_Lufira

Kumpata, pengine. Kuwa na hakika, Oktoba ni mwezi mgumu.

Kwera wa Lufira, *Ploceus ruweti*, alielezwa kisayansi mwaka 1982 na Louette na Benson, kwa sampuli iliyokusanywa na Ruwet, Mbelgiji, ndiyo maana ana jina lake. Baada ya hapo kimya kirefu, mpaka mwaka 2009 ilipochapishwa kwamba ameonekana tena hapahapa. Baadaye akapatikana pia sehemu nyingine za bonde la mto Lufira nje ya ziwa. Anakaa bonde hili tu. Ndugu wa karibu kwa sura ni *Ploceus reichardi* wa kusini-magharibi ya Tanzania, ambaye hatakusumbua huku. Atakayekusumbua ni *Ploceus katangae*, kwera mwingine wa Katanga mwenye uso mweusi.

Dume la *ruweti* lililovaa manyoya ya kuzalia: uso mweusi, na kahawia-nyekundu kichwani kuzunguka weusi huo na kwenye sehemu za chini. *Katangae* ni njano zaidi, hana kahawia ile iliyokolea. Shida ni kwamba kabla ya mvua kushika, madume mengi ya kwera huwa bado na manyoya ya kiangazi, na majike ni ya kijani-kahawia yote. Kwera asiye na uso mweusi usimpe jina la aina. Andika "kwera, hajulikani" na uandike mahali alipo.

Kinachofaa kufanya Oktoba ni kuchora ramani ya vichaka vilivyosimama ndani ya maji na viota vikuukuu vilivyobaki. Kwera hupenda kurudi mahali pamoja. Mvua zikishika, rudi kwenye ramani hiyo wakati wanajenga, ukae mita 30 na mtumbwi umetulia. Piga picha ya dume kutoka mbele na ubavuni, mwanga ukiwa mgongoni mwako. Rangi ya kahawia dhidi ya jua inageuka nyeusi na picha haithibitishi kitu.

---

Mpiga_Picha_243

Kwa nini tusiwapigie sauti yao kwa simu watoke? Na droni ingehesabu ziwa lote kwa saa moja.

---

Yaya_Mafunjo

Kaka, hapana kwa yote mawili, na nitakupa sababu.

Sauti: dume anayesikia mgeni anaacha kujenga na kulisha, anakuja kupigana na simu. Kwa ndege wa bonde moja tu duniani hiyo ni gharama tusiyo na haki ya kumlipisha. Na inaharibu hesabu pia: kituo kilichopigiwa sauti hakilinganishwi na kisichopigiwa.

Droni: bata na korongo wanaiona kama mwewe, wanaruka wote, wanatua kituo kinachofuata na kuhesabiwa tena. Juu ya makazi ya viota ni mbaya zaidi. Yangeyange na mnandi wakiruka viotani, kunguru na mwewe wanashuka kwenye mayai ndani ya dakika moja, na jua la adhuhuri linaua makinda yasiyo na kivuli. Kaa mita 100. Ukiona vichwa vyote vimeinuka na shingo zimenyooka, umeshakaribia mno. Rudi nyuma taratibu, usisubiri waruke. Juu ya hayo kuna ruhusa: kurusha droni karibu na bwawa la umeme bila kibali kutakuletea askari kabla ya ndege.

Yangeyange wahesabu jioni. Kuanzia saa kumi na moja na nusu wanarudi kulala kwa vikundi. Simama kwenye njia yao, chagua mstari wa kufikirika kati ya miti miwili, hesabu wanaouvuka kila dakika 5 mpaka giza. Adhuhuri usihangaike nao, wako kwa ng'ombe na mashambani. Na usihangaike na kitu chochote adhuhuri: karibu na tarehe 22 Oktoba, kwenye nyuzi 11 kusini, jua linapita juu ya utosi wako kabisa. Nenda ukale bukari (ugali) na samaki, unakili daftari.

---

Papa_Muanda

Nasoma kutoka upande wa bahari. Huku kwenye mikoko ya Muanda mpango huo wa saa tatu za asubuhi hautafanya kazi, maana maji ya bahari yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku. Tunahesabu kwa saa za maji: saa mbili kabla ya maji kujaa, tope linapobaki dogo na ndege wanabanwa karibu. Maji yakiwa yametoka kabisa wametawanyika na hawahesabiki. Na kwa kuwa maji yanachelewa karibu dakika 50 kila siku, hatuwezi kusema "Jumanne saa kumi na mbili". Nyinyi wa Tshangalele mna bahati ya saa, lakini kigingi chenu kinafanya kazi ya jedwali letu la maji. Msikiache.

---

Mtazama_Lufira

Papa, asante kwa hilo. Hakika wanaopanga kulinganisha pwani na ziwa walikumbuke.

Sasa takwimu, maana wengi wanaishia hapa. Jioni ileile ya hesabu, nakili daftari kwenye jedwali: tarehe, kituo, saa ya kuanza na kumaliza, alama ya kigingi, upepo, mawingu, mvuke wa joto (hakuna, kidogo, mwingi), aina, idadi, waliopita hewani. Mstari mmoja kwa aina moja. Piga picha ya ukurasa wa daftari, uitume kwa mtu mwingine; daftari lililoanguka ziwani halina nakala.

Ukitumia eBird, ile programu ya simu ya kuandikia ndege, pakua orodha ya eneo ukiwa bado mjini, kwa sababu mtandao wa ziwani unakatika. Fungua orodha mpya kwa kila kituo. Chagua aina ya kusimama mahali pamoja, weka dakika halisi, na ukubali swali la orodha kamili ikiwa tu umeandika kila aina uliyoitambua. Andika namba, ile X inasema "yupo" tu na haisemi ni wangapi.

Pete za miguuni: ukimwona ndege mwenye pete, andika mguu wa kulia au wa kushoto, juu au chini ya goti, rangi kuanzia juu kwenda chini, na herufi kama zinasomeka. Ya chuma na za rangi zote. Herufi moja usiyo na hakika nayo weka alama ya kuuliza, usikisie.

---

Kijana_wa_Kasapa

Swali la mwisho, Mwalimu. Mwezi ukiisha, navunja vituo?

---

Mtazama_Lufira

Usivivunje. Bonde la Lufira liliingizwa mwaka 2017 kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, na kila Januari kuna hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji inayoratibiwa na Wetlands International. Rudi Januari kwenye vituo vilevile sita, kwa utaratibu uleule, usome kigingi kilekile. Maji yatakuwa yamepanda, vituo viwili vya tope pengine vitakuwa chini ya maji na utaandika sifuri nyingi za vitwitwi. Ziandike zote. Kituo kikizama usikihamishie penye ndege. Hesabu kutoka nchi kavu iliyo karibu zaidi, mipaka ileile ya mwembe na paa la bati, na uandike umbali uliorudi nyuma.

Kabla ya kuondoka mwisho wa Oktoba, kaza kigingi, paka rangi upya ile alama ya jiwe, na umwachie mvuvi wako penseli na ukurasa wenye mistari ya tarehe. Akisoma kigingi mara moja kwa juma Novemba na Desemba, mlipe kwa kila namba.

---

Mama_Kapolowe

Na rangi iwe nyeupe. Nyekundu kwenye jiwe huku watu watadhani ni alama ya machimbo.

---

Mtazama_Lufira

Sawa mama, nyeupe.